Mzee Majuto Hakuwa Klipu ya Sekunde 30, Acheni Hizo

Agosti 8, 2018 ilikuwa Jumatano ya Nane Nane, na mwaka huo maonesho ya kitaifa yalikuwa hapa hapa Simiyu, viwanja vya Nyakabindi, Bariadi. Watu walitoka Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Kutoka Binza vijana walijazana kwenye Noah na bodaboda kwenda kuangalia matrekta, ng'ombe wa maziwa na mabanda ya pamba. Usiku, wengine wakiwa bado hawajaosha vumbi la Nyakabindi miguuni, simu zikaanza kulia mfululizo. Amri Athumani, yule ambaye nchi nzima ilimwita King Majuto, amefariki Muhimbili. Miaka 70.

Kilichofuata mnakijua. Ndani ya saa moja stetasi zote zilikuwa Majuto. Mishumaa, mikono ya dua, emoji za machozi hadi kioo kinalowa. Walioongoza kulia ni wale wale ambao wiki moja kabla walikuwa wanamcheka mgonjwa mtandaoni na kuandika eti "kachoka kweli huyu mzee". Kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni, alitupia picha ya zamani akiwa amemkumbatia marehemu, ila picha yenyewe kaikata kiasi kwamba Majuto amebaki bega moja na nusu ya kofia. Maelezo chini yalikuwa marefu kuliko wasifu wa marehemu, na karibu yote yalikuwa yanamhusu staa mwenyewe.

Lakini huyo wa mjini aachwe kwanza. Kuna jamaa Binza, Maswa, naye jina kapuni kwa sababu wenyeji wanamjua na wateja wake ndio wasomaji wa makala hii. Kazi yake ni kurusha muvi kwenye flashi na memori kadi. Usiku ule aliweka stetasi ya mshumaa. Asubuhi akabandika karatasi mlangoni: mzigo maalumu wa Majuto, buku mbili tu, flashi uje nayo mwenyewe. Foleni ikawa ndefu. Hakuna aliyeuliza hizo filamu zilifikaje kwenye kompyuta yake, na hakuna aliyeuliza kwenye hiyo buku mbili ya familia ya marehemu ni shilingi ngapi. Jibu ni sifuri, na kila aliyepanga foleni alilijua.

Majuto alizaliwa Tanga mwaka 1948 na kupanda jukwaani akiwa mtoto, mwaka 1958, kabla nchi hii haijapata hata uhuru. Sasa fikiria kidogo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ITV ilipoanza. Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara hola. Yaani huyu mzee alifanya kazi kwa miaka zaidi ya thelathini bila kamera ya televisheni ya nyumbani kumgeukia. Ujana wake wote wa kisanii, umri ambao mastaa wa leo wanautumia kutafuta wafuasi Insta, ulipita kwenye kumbi, mbele ya watu walioketi pale pale. Waliomwona walicheka, wakaenda kulala, na kazi ikaishia hapo. Hakuna mkanda wala klipu. Hiyo ndiyo nusu ya maisha yake ambayo haipo kwenye flashi ya mtu yeyote, na ndiyo iliyomfundisha kila kitu mlichokuja kukiona baadaye.

Ukimwangalia vizuri utaiona ile shule ya jukwaani. Anaingia chumbani na hasemi kitu. Anaangalia kiti, anamwangalia mwenye nyumba, anarudi kuangalia kiti. Mtu kibandani kashaanza kucheka na Majuto bado hajafungua mdomo. Msanii aliyekulia kwenye kamera anakimbilia maneno kwa sababu anajua mhariri atamwokoa. Aliyekulia jukwaani anajua watu wako mbele yake, wanapumua, na kicheko kina saa yake. Kile kimya chake kilikuwa kazi. Na kwenye klipu ya sekunde 30 ndicho kitu cha kwanza kukatwa.

Kisha zikaja kanda za video. Wanaopenda historia fupi husema Bongo Movie ilianza na Girlfriend mwaka 2003. Sawa, ile filamu ilifungua mlango mkubwa, hakuna ubishi. Lakini Majuto anatajwa kati ya wa kwanza kabisa Afrika Mashariki kurekodi vichekesho na kuviuza kwenye kanda, zile nyeusi kubwa za deki. Baadaye zikaja VCD, zikaja DVD, yakaja matangazo ya biashara, zikaja chaneli za king'amuzi, ikaja YouTube. Mtu mmoja, kutoka jukwaa la mwaka 1958 hadi simu ya kupangusa ya mwaka 2018. Wangapi Afrika Mashariki wamevuka vyombo vyote hivyo na bado watoto wa shule ya msingi wanawaigiza wakati wa mapumziko?

Hapa ndipo wajuaji wanaponyanyua shingo. Utawasikia: "Ah, Majuto alikuwa anacheza mtu yule yule kila siku, mzee mkorofi mpenda vitoto." Hii kauli imezunguka sana tangu afariki, hasa kwa wale wanaotaka kuonekana wanajua sinema za Marekani. Ni kauli ya mtu ambaye hajawahi kumaliza filamu moja ya Majuto. Kaona vipande.

Chukua mzee mwenye nyumba wa Majuto, anayehesabu kodi kwa vidole na kujifanya haelewi hesabu pale inapomlazimu arudishe chenji. Mweke pembeni ya baba mkwe wa Majuto, anayepokea mahari huku analia eti binti yake anaondoka, na mkono mmoja unazipapasa noti kama zimetimia. Kisha mlete yule mume wa Mke wa Mtu Sumu au wa Ndoa ya Utata, ambaye uongo wake unamzidi akili. Msuli ni huo huo na sauti ni ile ile ya kukwaruza yenye lafudhi ya Tanga, lakini hofu zao ni tofauti. Mmoja anaogopa umaskini, mwingine anaogopa upweke, wa tatu anaogopa mkewe. Ukiondoa vichekesho, hao ni wazee watatu ambao kila mtaa wa Maswa unao. Ndiyo maana bibi asiyejua Kiswahili vizuri, anayeongea Kisukuma kutwa nzima, alikuwa anacheka sawa na mjukuu wake aliyemaliza kidato cha nne.

Na kuna zile kazi zake na Sharo Milionea. Hussein Mkiety, Sharo wenyewe, alikuwa kijana wa mbwembwe, suruali imeshuka, maneno ya mjini, kila kitu kwa mapozi. Majuto alikuwa mzee wa shamba anayemtazama kama mtu anayetazama ng'ombe mwenye miguu mitano. Hapo Majuto hakuwa anatafuta kicheko chake, alikuwa anampa mwenzake nafasi. Mkongwe wa miaka zaidi ya sitini, jina kubwa kuliko wote kwenye seti, anakubali kuwa ukuta ili dogo apige mpira. Wangapi kati ya hawa wanaojiita malejendari leo wanaweza kufanya hivyo? Wengi wakipewa dogo anayechekesha kuliko wao wanamkata kwenye uhariri. Sharo alifariki kwa ajali ya gari huko Muheza, Novemba 2012, mwaka ule ule aliofariki Kanumba, mtoto wa Shinyanga, jirani kabisa na hapa. Naye alililiwa nchi nzima. Kazi zake nazo ziko kwenye flashi ya jamaa wa Binza, kwenye folda linaloitwa "wafu".

Ndiyo, hilo ndilo jina la folda.

Sasa kwenye hela, maana hapo ndipo watu wanapoanza kukohoa. Mwaka 2018 Majuto aliugua tezi dume, akapelekwa India kutibiwa, akarudi, akazidiwa. Kabla na wakati wa safari hiyo, picha zake akiwa kitandani zilisambaa na michango ikaombwa. Mtu ambaye sura yake iliuza bidhaa kwenye matangazo, ambaye filamu zake zilijaza kila kibanda umiza kutoka Tanga hadi Lamadi, alichangiwa kama mtu ambaye hakuwahi kufanya kazi. Akiwa bado kitandani, Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na habari za mikataba ya matangazo ya Majuto ndizo zilizowafumbua watu macho. Kumbe mzee alikuwa anaonekana kila kona na mfukoni hamna kitu.

Wakulima wa Simiyu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Huu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Kila mtoto wa hapa amemsikia baba yake akigombana kwenye mizani. Amekaa jua zima, amepalilia, amepiga dawa, amechuma, halafu mnunuzi anaweka gunia juu ya mzani uliochezewa na kilo zinayeyuka. Msimu wa 2018 pamba ilipitia AMCOS na watu bado walikuwa wakali, kila mmoja alitaka kuona mshale mwenyewe kwa macho yake. Mtu akiiba kilo tano za pamba Maswa, kijiji kizima kinasimama. Lakini kijana huyo huyo, mtoto wa mkulima huyo huyo, anachukua filamu nzima ya mzee wa watu kwa kubonyeza mara mbili, na ukimuuliza anacheka. Kumbe jasho lina uzito likiwa gunia tu.

Mfumo wenyewe ulivyokuwa unakwenda ni hivi. Mwigizaji analipwa mara moja, siku za kupiga picha, basi. Mtayarishaji anaiuza filamu kwa msambazaji kwa mkupuo mmoja, haki zote. Baada ya hapo filamu ikiuza nakala mia au laki, ikirushwa kwenye king'amuzi miaka kumi, ikiwekwa YouTube na matangazo yakaingia, mwigizaji hayumo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, COSOTA wapo, na sheria hiyo inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Miaka 50! Wajukuu wangeweza kula. Lakini sheria inalinda kile ulichobakiza, na ukishauza chote hakuna cha kulindwa. Tangu 2013 stempu za TRA zikaanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki ili nakala halali zijulikane. Nendeni kwenye flashi mkatafute stempu imebandikwa wapi.

"Si walisaini wenyewe?" Hili ndilo jibu la wajanja, na lina ukweli ndani yake, haifai kudanganyana. Wasanii wetu wengi walisaini juu ya boneti ya gari, wengine bila kusoma, wengine karatasi yenyewe iko kwa Kiingereza cha mahakamani. Wengine hata karatasi hakuna, ni maneno na advansi ya nauli. Mzembe anastahili kuambiwa ni mzembe. Lakini mtu anayejua mwenzake hajui kusoma karatasi, akamwekea karatasi ngumu makusudi, huyo naye aitwe nani? Mjasiriamali? Wakulima wa pamba miaka mingi walikuwa wanasaini dole gumba. Hakuna aliyesema Simiyu kwamba kwa kuwa waliweka dole, basi waibiwe.

Jibu la pili ndilo gumu zaidi, na linatoka kwa vijana wenyewe. Wanasema hivi: DVD halali haipo Binza. Haipo Nyalikungu. Ukiitaka upande gari hadi Mwanza, nauli peke yake inazidi bei ya filamu. Wasambazaji waliishia mijini, wakawaachia watu wa vijijini akina jamaa wa flashi, halafu leo wanakuja kuwaita wezi. Hapa vijana wana hoja, na wale waliotajirika na Bongo Movie wanatakiwa waisikilize badala ya kuandamana tu. Maana Aprili 2017 wasanii waliingia Kariakoo kuandamana, lakini hasira yao ilikuwa kwa filamu za nje zinazouzwa bei chee. Filamu za Kikorea na Kihindi ndizo zikawa adui. Hakuna aliyesimama pale akasema, jamani, mtu wa Maswa anayetaka kumlipa Majuto amlipe kwa njia gani? Soko la watu mamilioni liliachwa kwenye mikono ya watu wenye kompyuta moja na kebo, halafu watu wakashangaa hela hazirudi.

Lakini hoja hiyo inaishia hapo. Haifiki kwenye bando. Kijana yule yule anayesema hana pa kununua DVD ana simu, ana bando, ana laini mbili na M-Pesa. Anatuma buku kwa mtu anayemtabiria mechi. Filamu kadhaa za Majuto ziko YouTube, na king'amuzi kipo kwenye kila kibanda, kinalipiwa mwezi hadi mwezi kwa ajili ya ligi ya Uingereza. Mwenye kibanda anaingiza jero kwa kichwa siku ya Arsenal na Man U, na watu wanalipa bila kulalamika, wengine wamesimama. Siku akiweka filamu ya Majuto wanataka bure, eti "hiyo si ya zamani". Mpira wa London una bei, kichekesho cha Tanga hakina. Halafu tukio likitokea, mnajibandika mishumaa.

Usukuma hakukuwa hivyo zamani. Bagika na Bagalu walipokutana baada ya mavuno, ngoma mbili zinachezwa uwanja mmoja, mshindi hakutangazwa na jopo la majaji waliokaa kwenye meza. Mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi upande wake. Watu walipiga kura kwa miguu, na walipofurahi walitoa kitu, hela, kuku, chochote kilichokuwepo. Manju hakuwa anapewa pole akiugua, alikuwa anapewa chake akiwa mzima, anacheza, jasho linamtoka, na nyoka wake shingoni kama alikuwa mtu wa Bugoyangi. Babu zenu walijua kwamba kumtuza mcheza ngoma ni sehemu ya kucheza ngoma. Nyie mmebaki na makofi tu, tena ya emoji.

Na msidhani ni ugonjwa wa Tanzania peke yake. Kenya walikuwa na Mzee Ojwang, Benson Wanjau, wa Vitimbi. Kizazi kizima kilikula chakula cha jioni kikimwangalia KBC. Uzeeni macho yakamsumbua, Wakenya wakachangishana atibiwe, na Julai 2015 akafariki. Mitandao ikajaa rambirambi zile zile. Hapa kwetu kabla ya Majuto alitangulia Mzee Small, Said Ngamba, aliyeugua kiharusi muda mrefu na kufariki Juni 2014. Alipokuwa anachekesha nyumba zilijaa. Alipokuwa kitandani, waliofika walihesabika. Ni picha ile ile inarudiwa, wanabadilisha sura ya mzee tu.

Kinachouma ni kwamba wazee wengine wapo. Hawajafa. Wako Temeke, wako Tanga, wako Bagamoyo, wengine hamjui hata kama bado wanapumua kwa sababu hawana akaunti. Wale akina mama waliocheza mama wakwe wakorofi, wale wazee wa michezo ya redio ambao sauti zao mnazijua na sura hamzijui. Klipu zao ndizo mnazotumia kuchekeshana kwenye magrupu ya WhatsApp, sauti zao mmezigeuza milio ya meseji. Kuna anayejiita promota pale Bariadi mjini, hakuna haja ya kumtaja, ambaye kila Idi na kila Krismasi analeta dansa wa mjini kwa mamilioni. Hajawahi kufikiria kumleta mzee mmoja wa vichekesho, amweke jukwaani saa moja, watoto wa Simiyu wamwone akiwa hai, amlipe mkononi, mzee arudi na mfuko wa choroko. Ukimwambia atasema wazee hawauzi.

Hawauzi? Jamaa wa flashi amcheke huyo promota.

Maana arobaini ya Majuto imepita, alishazikwa kwao Tanga, stetasi zimerudi kwenye mapenzi na mpira, na yule staa wa picha iliyokatwa yuko anatangaza mafuta ya ngozi. Lakini pale Binza foleni haijaisha. Wanakuja vijana wa sekondari, wanakuja madereva wa malori ya pamba wanaotaka kitu cha kuangalia njiani, juzi kaja na mwalimu. Ile karatasi ya mlangoni imechanika na jua, akaandika nyingine kwa maka nyekundu. Folda la "wafu" limeongezeka ukubwa. Mzigo wa Majuto sasa ni buku tatu.